Somo la TEHAMA: Kompyuta ya Ofisi Inapokataliwa na Kikoa



Mwananchi hufika ofisini kufuata huduma akaambiwa kwamba kompyuta "imekataa mtandao". Hurejea nyumbani akiwa amepoteza nauli na siku ya kazi, na huku nyuma huanza mazungumzo ya kununua kompyuta mpya. Aghalabu kompyuta hiyo ni nzima. Somo hili linaeleza namna ya kutambua chanzo cha tatizo kwa kufuata mpangilio, na litawafaa watumishi wa ofisi, shule na zahanati zenye mtandao wa ndani, pamoja na mwananchi anayetaka kuelewa anachosubiri.

Maana ya kikoa

Kikoa ni kundi la kompyuta zilizo chini ya usimamizi mmoja. Seva hutunza daftari la watumiaji na kompyuta zinazotambulika. Kujiunga na kikoa ni mfano wa mgeni kuandikishwa katika daftari la wakazi: sharti aifikie ofisi, ajitambulishe, na apokewe na mwenye mamlaka.

Hatua ya kwanza: njia

Kagua kebo na swichi, kisha tazama anwani ya kompyuta. Anwani inayoanza na 169.254 huonyesha kwamba kompyuta haikupewa anwani na mtandao, bali imejipangia yenyewe. Hapo tatizo ni la njia, na hakuna haja ya kugusa jambo lingine kwanza.

Hatua ya pili: huduma ya majina

Kompyuta huitafuta seva ya kikoa kwa kuuliza huduma ya majina, yaani DNS. Ikielekezwa kuuliza huduma ya umma kama 8.8.8.8 ya Google, itafungua tovuti za dunia nzima, lakini haitaiona seva ya ofisi, kwa kuwa jina la seva hiyo halimo huko. Kwa hiyo kufunguka kwa intaneti si ushahidi kwamba mipangilio ni sahihi. Kuuliza si ujinga, ila kumuuliza asiyejua hupoteza njia. Weka anwani ya seva ya majina ya ofisi, kisha tumia amri ya nslookup pamoja na jina la kikoa ili kuhakiki.

Hatua ya tatu: saa

Katika vikoa vya Windows, utambulisho hufanywa kwa utaratibu uitwao Kerberos. Kwa kawaida utaratibu huo haukubali saa ya kompyuta na ya seva zitofautiane kwa zaidi ya dakika 5. Betri ndogo iliyomo ndani ya kompyuta ikichoka, tarehe huweza kurudi nyuma kila umeme unapokatika. Hakiki tarehe, mwaka na ukanda wa saa pia. Saa inayoonekana sawa huku ukanda wake ukiwa wa London bado ina kosa.

Hatua ya nne: sifa na ruhusa

Toleo la Windows Home haliwezi kujiunga na kikoa. Huhitajika toleo kama Pro. Jina la kompyuta lisizidi herufi 15, wala lisifanane na la nyingine. Akaunti ya kawaida, isipobadilishiwa mipangilio, huweza kuandikisha kompyuta 10 tu. Aidha, tangu maboresho ya usalama ya Oktoba 2022, Windows huweza kukataa jina la zamani lililoandikishwa na mtu mwingine. Msimamizi wa mtandao ndiye wa kulishughulikia.

Tahadhari

Usizime kinga za kompyuta wala usigawe nywila ya msimamizi ili kuharakisha kazi. Nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno pamoja na namba yake. Kumbukumbu zaidi hupatikana katika faili la NetSetup.log, ndani ya folda ya debug ya Windows. Fundi akipewa taarifa hizo hataanza kwa kubahatisha.

Nawe mwananchi, ukiambiwa kwamba mtandao umekataa, uliza kwa adabu ni hatua ipi imekwama, nani amearifiwa, na urudi lini. Omba pia jina lako na shida yako viandikwe katika daftari, ili foleni yako isipotee pamoja na mtandao.