Buibui Mwenye Pingili: Mwili Wake na Kundi Lake

Mkulima akimwona buibui mkubwa mwenye manyoya akichungulia kutoka shimoni shambani, swali la kwanza huwa ni moja: ana sumu? Mtaalamu wa buibui huanza na jambo jingine. Humgeuza chali akaangalia tumbo, chonge na mahali uzi unapotokea. Ukubwa na rangi havimwambii mengi, kwa sababu buibui wawili wanaofanana kwa sura wanaweza kuwa wa koo zilizotengana mamilioni ya miaka.

Kwanza tukumbushane kwamba buibui si mdudu kwa maana ya kisayansi. Mdudu ana miguu sita, buibui ana minane, na jamaa zake wa karibu ni nge, kupe na utitiri. Nge ukimtazama vizuri utaona mgongo na mkia wake umegawanyika pingili kwa pingili, kama jongoo. Buibui wa nyumbani hana pingili zinazoonekana. Tumbo lake ni kama mfuko laini.

Hata hivyo, wapo buibui wachache waliobaki na pingili. Mwaka 1849 mtaalamu wa Denmark, Jørgen Schiødte, alieleza buibui kutoka kisiwa cha Penang, katika Malaysia ya leo, akamwita Liphistius desultor. Juu ya tumbo lake kulikuwa na vibao vigumu vilivyopangana, kimoja nyuma ya kingine. Uzi nao haukutokea nyuma kabisa kama tulivyozoea. Vichuchu vya kutolea uzi viko katikati ya tumbo, upande wa chini, na ndiyo maana kundi lake likaitwa Mesothelae. Buibui wengi wa kawaida wana vichuchu sita, lakini hawa huwa na saba au vinane.

Leo wataalamu huwagawa buibui wote duniani, zaidi ya spishi 50,000, katika makundi makuu matatu. La kwanza ni hili la wenye pingili, ambalo ndilo dogo kuliko yote. La pili ni la wale wakubwa wenye manyoya tunaowaona mashimoni hapa Kenya. La tatu lina karibu wote waliobaki, akiwemo yule wa kwenye dari ya jikoni. Makundi mawili ya kwanza yana chonge zinazoshuka sambamba, kama meno ya jembe la uma, na jozi mbili za mapafu yenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Chonge za buibui wa jikoni hukutana kama koleo, na kwa kawaida ana jozi moja tu ya mapafu hayo. Kwa hiyo buibui wetu wa shimoni ana chonge na mapafu ya mtindo wa kale, ila pingili hana. (Akiwa shambani kwako, mwache na usiingize mkono shimoni. Akiuma, huuma kwa uchungu mwingi.)

Buibui wenye pingili hawapatikani Afrika. Makao yao ni mashariki na kusini-mashariki mwa Asia, kuanzia Japani na China hadi Thailand, Malaysia na Sumatra. Lakini kisukuku cha jamaa yao, chenye umri wa takriban miaka milioni 300, kilipatikana Montceau-les-Mines, Ufaransa. Kwa hiyo zamani walienea mbali zaidi. Wengine huwaita buibui duni, neno ambalo binafsi silipendi. Liphistius huchimba shimo, hulitandika uzi, hulifunika kwa mlango wenye bawaba ya uzi, kisha hutandaza nyuzi kadhaa nje kama miale. Usiku hukaa nyuma ya mlango, miguu ikigusa nyuzi hizo. Mdudu akikanyaga mmoja, mlango hufunguka ghafla.

Udhaifu wao uko kwingine. Watoto wa buibui wengi hupeperushwa na upepo wakining'inia kwenye uzi. Hawa hawana desturi hiyo, hivyo kizazi baada ya kizazi hubaki karibu na mashimo ya mama zao. Matokeo yake ni kwamba spishi nzima inaweza kuishi katika kilima kimoja tu. Katika jimbo la Perak, Malaysia, kuna kilima cha mawe ya chokaa kiitwacho Gunung Kanthan, ambacho huchimbwa mawe ya kutengenezea saruji. Katika pango la kilima hicho anaishi Liphistius kanthan, na hajulikani kupatikana penginepo popote. Bila mtu kumchunguza viungo kimoja kimoja na kumpa jina lake, angehesabiwa tu kuwa buibui mwingine wa pangoni, na hakuna ambaye angeuliza mashine zisimame wapi.