SOMO: PIMA INJINI KABLA YA KULIPA



Wengi wetu tuendao shambani na kiwandani kwa pikipiki kuukuu tumekwisha kuambiwa, "Injini imekufa, lete pesa." Mshahara hutoka wote, na baada ya wiki mbili moshi ni ule ule. Basi leo tujifunze kujua ni kitu gani kilichochakaa. Mfano wetu ni Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kuundwa kwa ajili ya nchi ambako mizigo ni mizito na matunzo ni haba.

1. MOSHI. Moshi wa buluu ukitoka unapovuta mafuta kupanda mlima, shuku ringi. Ukitoka unapoachia mafuta kisha ukavuta tena, shuku sili za vali.

2. KIKI. Ikiwa nyepesi, fungua plagi, tia oili kijiko kimoja cha chai, rudisha plagi, upige tena. Ikiwa nzito, panapovuja ni kwenye ringi na silinda. Isipobadilika, kagua vali.

3. VALI. Toa kichwa cha injini, kigeuze, umimine petroli katika tundu la kila vali, mbali na moto. Ikipenya, vali isagwe kwa dawa ya kusagia kabla hujafikiri kununua mpya.

4. RINGI. Tia ringi peke yake ndani ya silinda, uisukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima kwa fila mwanya kati ya ncha zake. Silinda hii ina kipenyo cha mm 56.5, ringi mpya huacha mwanya wa kama mm 0.2. Ukifika mm 0.5, ringi imekwisha. Lakini ringi mpya nayo ikiacha mwanya mkubwa, silinda ndiyo iliyolika. Hapo ringi peke yake ni hasara. Nunua pistoni ya saizi ya juu, kisha silinda ichongwe kwa kuifuata.

5. KONRODI. Ishike uivute juu na chini. Kucheza kidogo ubavuni ni kawaida. Ikicheza juu na chini, beringi imekwisha. Usiifunge injini hivyo.

Tawi linunue fila moja, itunzwe na katibu, kila mwanachama aazime. Na vipuri vya zamani tuvidai tuvione. Kama tunavyodai kuiona mizani inapopimwa chai yetu, tudai pia kukiona kipimo cha injini. Fundi mwaminifu haogopi kipimo.