SOMO: Soko la wakulima ndani ya uwanja wa chuo kikuu



Mkulima wa Masereka ao wa Kyondo anajua saa ya kumi jioni sokoni. Mzigo wa shu ungali chini, njia ya kurudi ni ndefu, na mnunuzi anajua vilevile. Bei inateremuka. Mboga haingoji kesho.

Lakini katika miji yetu kuna wanunuzi tunaowapita kila siku. Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben (UCG), kilichoanzishwa 1989, tena kina fakilte ya kilimo. Beni kuna UCBC, iliyofungua milango 2007, na Chuo Kikuu Rasmi cha Semuliki. Wanafunzi wengi wanapanga chumba na kujipikia kwenye mbabula. Wanahitaji chakula kila juma. Somo hili ni juu ya soko dogo ndani ya uwanja wa chuo: namna ya kulianzisha, na zaidi namna ya kulifanya lidumu.

1. Anzeni na karatasi, si na meza
Tumeni wajumbe kwa uongozi wa chuo. Andikeni pamoja: siku gani, saa gani, sehemu gani, nani atafagia, nani atalinda lango, na chuo kitaomba nini. Ulizeni pia komine juu ya ushuru kabla ya siku ya kwanza, si baada. Koperative yenye hati inasikilizwa vizuri zaidi. Sheria ya OHADA ya 15 Desemba 2010, ambayo nchi yetu inaifuata tangu 2012, inaruhusu koperative ndogo kuanza na watu 5 tu.

2. Fuateni kalenda ya chuo
Wakati wa likizo ndefu uwanja ni mtupu. Basi ombeni kalenda ya masomo, kisha hesabuni kwa kurudi nyuma. Lengalenga inavunwa baada ya majuma matatu ao manne. Shu na karoti zinaomba karibu miezi mitatu. Msipande wote siku moja. Gawanyeni zamu, ili kila juma kuwe na kitu mezani. Siku moja kwa juma inatosha kuanza, lakini isibadilike. Mwanafunzi akija mara mbili akakuta meza hakuna, hatarudi mara ya tatu.

3. Uzisheni kwa kipimo kidogo
Mwanafunzi hana mahali pa kuweka gunia. Tengenezeni mafungu ya chakula cha siku moja ao mbili: maharagi, kitunguu, nusu ya shu. Viazi vipimwe kwa kilo, mizani iwe moja kwa wote, mbele ya macho ya mnunuzi.

4. Pigeni hesabu kabla ya kubeba
Tuchukue mfano. Mnunuzi wa jumla anatoa franga 500 kwa kilo ya viazi. Sokoni kilo inauzishwa 900. Ninyi wekeni 750. Mwanafunzi anaokoa 150, mkulima anaongeza 250.

Mama mwenye kilo 40 anaongeza franga 10,000. Akitoa 3,000 za chukudu na 1,000 za meza, anabaki na 6,000. Mwenye kilo 10 anaongeza 2,500 tu, lakini gharama ni ileile 4,000: amepoteza 1,500! Sasa majirani wanne wenye kilo 10 kila mmoja wakiunganisha mizigo kwenye chukudu moja, kila mmoja analipa 750 za njia na 1,000 za meza. Anabaki na 750. Ni kidogo, lakini ni faida. Hapa ndipo koperative inaonekana kazi yake.

5. Anayeuzisha awe ndiye aliyelima
Kule Davis, California, wakulima na watu wa chuo kikuu walianzisha soko mwaka 1976, na lingali hai. Katika masoko ya namna hiyo, anayeuzisha mazao lazima awe mkulima mwenyewe, jamaa yake ao mfanyakazi wake. Kwetu sheria hii ina faida ileile: mchuuzi akinunua soko kubwa na kuleta chuoni, bei inapanda na mkulima anasukumwa nje. Ila tuongeze jambo moja la kwetu: mwanachama ambaye njia yake imefungwa na vita anaweza kutuma mazao kwa mkono wa mwenzake, na jina lake liandikwe katika kitabu.

6. Usafi na udongo
Tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020, kila mtu wa Beni na Butembo anajua ndoo ya kunawa mikono. Iwekwe mlangoni. Aliyepulizia dawa shambani angoje siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Sashe za plastiki zimekatazwa na serikali kwa amri ya 30 Desemba 2017. Tumieni vitunga na majani ya migomba. Mabaki yasitupwe: yapelekwe kwa sungura, ao kwenye shimo la mbolea, na wanafunzi wa kilimo wanaweza kulitunza kama kazi yao ya mazoezi.

7. Kesi iwe wazi
Wauzishaji 12 wakitoa 1,000 kila mmoja, ni 12,000. Mkilipa 8,000 za usafi na ulinzi, 4,000 zinabaki. Baada ya masoko 30 ni 120,000: bashi mpya na meza imara. Kitabu kisomwe mbele ya wote kila mwezi. Soko nyingi hazikufa kwa kukosa wanunuzi. Zilikufa siku watu walipoanza kunong’ona juu ya kesi.

Maswali ya kujadili katika kikundi
– Chuo gani kiko karibu nasi, na nani atakwenda kuongea?
– Nani analima nini, na kitakuwa tayari mwezi gani?
– Wakati wa likizo tutauzisha wapi?
– Nani tunamwamini kushika kitabu, na nani atamwangalia?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anzeni na meza tano, lakini anzeni pamoja.