Mchango Uliokatwa Ukapotea Njiani

Aghalabu mtu aliyefika umri wa miaka arobaini na ushei, ambaye watoto wake wangali masomoni na wazazi wake wamekwisha kuanza kumtegemea, huihesabu pensheni kuwa ni shauri la siku za mbele, la kuulizwa atakapokaribia sitini. Na kwa kuwa kila mwezi anayaona makato katika hati yake ya mshahara, moyo wake hutulia, akasadiki kwamba fedha hizo zimekwisha kufika katika mfuko na kuandikwa kwa jina lake. Imani hiyo ni njema, ila mfuko humlipa mstaafu kwa hesabu ya miezi ambayo michango yake ilipokewa, wala hauna namna ya kulipa jasho ambalo mwajiri alilikata na kulitia mfukoni mwake.

Kwa Tanzania Bara, mtumishi wa umma huchangia PSSSF, mfuko ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Na mfanyakazi wa sekta binafsi huchangia NSSF, ambayo mlango wake u wazi pia kwa mvuvi, mkulima, mama ntilie na kila ajiajiriye mwenyewe. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: katika utumishi wa umma mwajiri hutoa 15 na mtumishi 5, na katika sekta binafsi desturi ni kumi kwa kumi, wala si halali fungu la mfanyakazi kuzidi kumi. Mwezi wa mshahara ukiisha, mwajiri hupewa mwezi mmoja awe amewasilisha mafungu yote mawili. Akichelewa hutozwa faini, na faini hiyo ni juu yake peke yake.

Sasa natuione hesabu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopatwa na msiba wasiutambue. Ili astahili pensheni ya kila mwezi, mwanachama sharti awe amechangia si chini ya miezi 180, yaani miaka 15, na awe ametimiza miaka 55 ya kustaafu kwa hiari au 60 ya lazima. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha idadi ya miezi aliyochangia kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, kisha kugawanya kwa 580. Mtu ambaye wastani wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, akiwa amechangia miezi 240, atapata takriban shilingi 413,793 kila mwezi kabla ya kutoa mkupuo, yaani fungu la pensheni alipwalo kwa pamoja anapostaafu. Na mwenzake wa mshahara ule ule, aliyechangia miezi 180, atapata takriban 310,345. Katika mfano huu, mwaka mmoja tu ambao mwajiri hakuwasilisha humpunguzia mstaafu takriban shilingi 20,690 kila mwezi, maisha yake yote. Tena yupo aliye na hali mbaya zaidi: aliyefanya kazi miezi 186, akajiona amevuka salama, kumbe miezi 8 haikuwasilishwa, huyo ana miezi 178, atapewa malipo ya mara moja, na pensheni ya mwezi ataisikia kwa jirani.

Kwa hiyo haki iliyo kubwa kuliko zote kwa mtu wa makamo ni kuiomba taarifa ya michango yake sasa, angali kazini, mashahidi wangalipo na makabrasha hayajaliwa na mchwa, akailinganisha mwezi kwa mwezi na hati zake za mshahara. Akiona pengo, na aliandikie barua ofisi ya mfuko akiambatanisha nakala za hati hizo. Kutowasilisha michango ni kosa la jinai, na mfuko una mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri na kumshtaki kwa deni hilo. Najua wengi hunyamaza kwa kuchelea kibarua kuota nyasi, na hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mtu aachishwe kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeachishwa hivyo ana siku 30 za kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, atalazimika kwanza kuomba asamehewe kuchelewa.

Kuhusu mkupuo, nasihi yangu ni kutoujengea nyumba kabla haujafika. Kanuni za 2018 ziliuweka kuwa asilimia 25 ya pensheni. Malalamiko yakawa makubwa, hasa ya wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikitoa asilimia 50, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaagiza zisitumike. Kuanzia Julai 2022 ikawa 33, na baadaye Serikali ikatangaza kuipandisha tena. Mwenye kukopa leo kwa kutumainia mkupuo wa miaka kumi ijayo anaweka rehani kitu ambacho kadiri yake haijui. Aidha, sehemu itolewayo kwa mkupuo ndiyo hiyo hiyo inayopunguzwa katika pensheni ya kila mwezi.

Na akiwa hana budi kukopa kwa dhamana ya nyumba, ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Saini ya mwenza si adabu tu kwa afisa wa benki.

Limebaki la wategemezi. Mwanachama akifariki, mafao ni ya mjane au mgane na watoto, nao hutakiwa kuthibitisha kuwa ndio. Sheria hiyo hiyo ya ndoa huwadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo. Walakini dhana hiyo huweza kupingwa, na mara nyingi wapingao ni ndugu wa marehemu, kesi ikaendelea ilhali ada za shule zinadaiwa. Hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wakiwamo wa nje ya ndoa, na majina yaliyoandikwa sawasawa katika hati zote, ni mambo ya kutengeneza mwenyewe ungali hai. Siku utakayokwenda kuchukua taarifa ya michango, chukua na nakala za hati hizo, uhakikishe wategemezi walioandikwa katika jalada lako ni hao ulio nao leo, si wale uliowajaza ulipoajiriwa, ukiwa bado kapera.