Kisiwa cha Mafia

Kisiwa cha Mafia ki katika Bahari ya Hindi, kuelekea milango ya mto Rufiji. Urefu wake wapata kilometa 50, na kando yake viko visiwa vidogo, kama vile Chole, Juani na Jibondo.

Mgeni atokaye bara hupanda chombo Nyamisati. Kwanza hupita katikati ya mikoko, ambapo maji yana rangi ya udongo ulioletwa na mto. Kisha huingia bahari kuu, na mwisho hushuka Kilindoni. Toka hapo hushika njia ya nchi kavu hata Utende, akavuka kwa mashua mpaka Chole. Huko huwaona popo wakubwa wakining'inia mitini mchana, na mafundi wakiunda vyombo kwa tezo na keekee, pasipo mchoro wa karatasi.

Ng'ambo ya Chole ni Juani, penye magofu ya mji wa Kua. Zamani mji huo ulikuwa na misikiti na jumba kubwa la mawe. Mwanzo wa karne ya 19 Wasakalava walikuja toka Bukini, yaani Madagaska, wakauvunja, wakawachukua watu wengi utumwani. Kua haukusimama tena.

Watu wa visiwa hivi wana minazi, lakini riziki yao kubwa hutoka baharini. Samaki wengi hukaa na kuzaa katika matumbawe, ambayo hujengwa polepole sana na wanyama wadogo. Walikuwako wavuvi waliotupa baruti majini. Baruti huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, tena huyavunja matumbawe. Hivyo mtu hushiba siku moja, akakosa miaka mingi.

Kwa hiyo mwaka 1995 serikali ya Tanzania iliifanya bahari hiyo kuwa hifadhi, ya kwanza ya namna yake nchini. Wenyeji hawakuhamishwa, huvua, ila kwa vyombo vilivyoruhusiwa. Sheria hiyo si nyepesi kwa mwenye watoto wenye njaa. Lakini Kua ulivunjwa na adui wa mbali. Matumbawe huweza kuvunjwa na mkono wa mvuvi mwenyewe, na mkono huo huo ndio uwezao kuyalinda. Akiba haiozi.

Maswali
1. Ni nani waliouvunja mji wa Kua?
2. Kwa nini baruti humdhuru hata mvuvi aitupaye?
3. Taja kitu kimoja kijijini kwako kipasacho kulindwa hivyo.