Kabla Hujampokea Kibarua Aliyeletwa na Dalali

Palizi ya mikorosho na kupulizia salfa huhitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Mwenye shamba kubwa hapa Mbesa, wilayani Tunduru, anapokosa vibarua wa jirani, hutafuta wa mbali, na anayewaleta mara nyingi ni dalali. Kabla hamjaanza kupatana bei, muulize dalali huyo: nauli ya watu hawa kailipa nani, na nani anawadai?

Nasisitiza deni kwa sababu ndilo linalomfunga mtu siku hizi. Kijana huahidiwa ujira mzuri kijijini kwao. Akifika, nauli, unga, godoro na ada ya dalali vinaandikwa kwenye daftari asilolishika yeye. Palizi inakwisha, anaambiwa bado anadaiwa. Akitaka kuondoka, kitambulisho chake cha NIDA kimefungiwa kabatini. Hajapigwa wala hajafungwa kamba, lakini hawezi kwenda popote.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Na. 6 ya 2008, haimwangalii dalali peke yake. Inamgusa anayeajiri, anayesafirisha, anayehifadhi na anayempokea mtu kwa udanganyifu, vitisho au kwa kutumia unyonge wake, ili anyonywe. Wewe mwenye shamba ndiye mpokeaji. Mwenye nyumba anayepangisha chumba huku akijua kinachoendelea naye anahusika, na anayeficha vitambulisho vya watu hao vilevile. Usijitetee kwamba kijana alikubali mwenyewe. Ridhaa ya aliyedanganywa haikuokoi. Katiba yenyewe, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Nchi hii ya Ruvuma ilipitiwa na misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, kwa hiyo hakuna mahali ambapo katazo hilo lingepaswa kueleweka upesi zaidi kuliko hapa kwetu.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Zungumza na kila kibarua peke yake, dalali akiwa mbali, umuulize aliahidiwa nini. Kitambulisho kitazame, nakili namba, mrudishie palepale. Ujira mpe mkononi mwake au umtumie kwenye simu yake. Usiupitishe kwa msimamizi wala kwa aliyemleta. Dalali anayefanya biashara ya kutafutia watu kazi anatakiwa awe amesajiliwa chini ya sheria ya huduma za ajira ya 1999, basi mwombe akuonyeshe karatasi zake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inataka masharti ya kazi yaandikwe: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Anayekufanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi hayumo katika sharti hilo, lakini kibarua wa msimu mzima yumo. Asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa mpaka aelewe. Kukata deni kwenye ujira kunahitaji makubaliano ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe. Karatasi hizo zitunze miaka mitano baada ya kazi kwisha, maana mzozo ukifika mbele ya sheria nawe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe.

Kuhusu watoto, aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Wa miaka 14 aweza kufanya kazi nyepesi isiyomzuia shule. Kupulizia salfa si kazi nyepesi, na mashimo ya vito ni marufuku kwa yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Mama lishe aliyeletewa binti wa kuosha vyombo naye ni mwajiri, hata kama anamwita mwanangu.

Viongozi wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, wana sababu ya ziada ya kulisimamia jambo hili. Magunia ya wakulima wengi hukutana ghala moja, na korosho zetu ghafi huuzwa zaidi India na Vietnam, zikabanguliwa, kisha nyingine zikafika Ulaya. Uingereza, kwa sheria yake ya 2015, inazitaka kampuni zenye mauzo ya paundi milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa ya hatua walizochukua dhidi ya utumwa. Umoja wa Ulaya utaanza kuzuia bidhaa za kazi ya shuruti tarehe 14 Desemba 2027. Swali la mnunuzi litashuka hadi kwenye daftari la chama. Bora liwe na majibu ya kweli.

Ukigundua shambani kwako yupo aliyefungwa na deni, usimfukuze usiku huo mikono mitupu. Mlipe haki yake, mpe mahali salama pa kulala, na usimtahadharishe dalali. Toa taarifa polisi. Akiwa mtoto, omba Dawati la Jinsia na Watoto au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Mzozo wa ujira hupelekwa kwa Afisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.