"Cerai mati" si talaka

Swali: Ninatafsiri kadi ya familia ya Indonesia kwa Kiingereza. Kwenye hali ya ndoa ya mama imeandikwa "cerai mati". Kamusi inasema "cerai" ni talaka na "mati" ni kufa. Niandikeje?

Jibu: Andika "widowed", basi. Neno la talaka lisionekane kabisa. Katika nyaraka za serikali ya Indonesia, "cerai" ni kuachana kwa wanandoa kwa sababu yoyote: "cerai hidup" ni kuachana wote wakiwa hai, yaani talaka, "cerai mati" ni kutenganishwa na kifo. Mama huyo ni mjane. Ukimwita mtalaka unamvunjia heshima, na kama tafsiri ni ya maombi ya viza, ofisa atashangaa kuona cheti cha kifo cha mume mahali alipotarajia hukumu ya mahakama.

Mtego mwingine ni "belum kawin". Sisi wa Kiswahili tunauelewa haraka, kwa kuwa "belum" hubeba maana ya "-ja-" yetu: hajaoa, hajaolewa. Kiingereza cha fomu hakina "bado" hiyo, andika "single".

Ukikutana na "yang bersangkutan", hapo ni "mhusika". Rudia jina lake. Ukihitaji kiwakilishi, kumbuka kwamba "dia", kama "yeye", haisemi jinsia. Angalia kwanza safu ya "jenis kelamin", yaani jinsia, ndipo uchague "he" au "she". Usibahatishe kwa jina.